Magoti ya Mke Wangu Mwanaidi

Jumapili, 9 Machi

Mimi Rehani Muhidini, dereva wa bodaboda asiye na mpinzani kati ya Kwaluguru na Handeni mjini, leo nimeanza kuandika. Sababu ni Kudra, binti wa jirani. Kasema nina maneno mengi kuliko masikio ya kijiji kizima, yanayobaki niyamwage kwenye karatasi. Nikamwambia nitaandika, na siku nikiwa mtu mkubwa atapanga foleni kunisoma. Kacheka. Kwa kicheko kile najua posa imeshapita, kilichobaki ni wazee wake kujulishwa.

Shule niliishia kidato cha pili. Sikufeli. Mtihani ndio ulishindwa kunielewa.

Nyumba yetu ina watu wawili, mimi na mke wangu Mwanaidi. Ni mama yake baba, na baba alishatangulia mbele ya haki. Bibi na mjukuu ni watani tangu dunia iumbwe, kwa hiyo ananiita mume, namwita mke, na Kudra akikatiza uani anaulizwa, "We mke mwenzangu, unajua kusonga ugali au unakuja kula tu?" Hatusemezani sawasawa hata siku moja. Nikimpa shikamoo kwa adabu anauliza nimeiba nini.

Ila magoti. Magoti ya mke wangu yamechoka. Asubuhi akiinuka yanalia kama mlango wa ghala, na swala anaswali juu ya kiti. Leo kapiga simu shangazi Hafsa, bintiye, anayeuza matunda kwa abiria wa mabasi pale Mombo. Bibi akaniamuru niweke sauti kubwa.

"Mama, mahindi yakikauka nakuja kuvuna. Nikikuta hufiki shambani kwa miguu yako, nakuchukua. Utakaa kwangu."

"Mombo nikafanye nini? Nihesabu mabasi?"

"Ukae karibu na mtu mwenye akili."

"Mume wangu yupo."

"Huyo huyo ndiye ninayemsema."

Simu ikakatwa. Bibi akacheka mpaka akakohoa, halafu akatazama jiko lake, banda lake la kuku, na kaburi la babu kule nyuma ya michungwa. "Siendi," akasema. Wala hakusema kwa utani.

Basi mimi nimeshaamua. Mavuno yakifika mke wangu atatembea. Daktari ni mimi.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Abiria mmoja tu, pamoja na mbuzi wake. Mbuzi ndiye aliyekaa vizuri.

Ijumaa, 14 Machi

Ripoti ya daktari. Nimeanza na mafuta ya nyonyo. Kila baada ya futari namchua bibi magoti, na asubuhi abiria wangu wanauliza nimebeba nini kinachonuka. Goti halijajali. Nikahamia tangawizi, nikaitwanga, nikaifunga na kitambaa. Ngozi ikawaka moto. Bibi akasema zamani alikuwa na ugonjwa mmoja, sasa anao wawili, goti na mume.

Chumvi niliyoikaanga nikaitia kwenye soksi, hiyo kaipenda. Akiiweka juu ya goti anafumba macho kama paka wa jikoni. Lakini ikipoa, na maumivu yanarudi.

Leo nikampeleka zahanati. Nesi kambonyabonya, kampa panadoli, kasema magoti yamesagika. Apunguze mwili, atembee kidogo kidogo kila siku, na akiweza aende Korogwe hospitali akaonane na mtu wa mazoezi ya viungo.

"Nipunguze mwili huu niliouhangaikia?" bibi akaniuliza njiani. "Nikifa mwepesi, wabebaji watasema mume wangu hakunilisha."

Na mimi nikaunga mkono. Mazoezi! Mtu goti linauma, dawa yake alitumie zaidi? Hata pikipiki ikigonga injini huiendeshi, unaipaki. Nesi yule kasoma mpaka kapitiliza.

Bibi kasifia vidonge fulani vya njano vya dukani, alivyopewa na shoga yake. Nimevipiga marufuku kwa sababu sikuviandika mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Tumepanda mahindi. Yaani mimi nimepanda. Bibi kakaa nyumbani akinielekeza kwa simu.

Jumatano, 19 Machi

Nimepata dawa! Jana, siku ya gulio, alikuja mtaalamu na gari lenye spika mbili. Sauti yake ilimtoa hata muuza ng'ombe kwenye ng'ombe wake. "Magoti! Nyonga! Kiuno! Umetembea hospitali mpaka viatu vimekwisha? Mzizi huu haujui kushindwa!" Mzee mmoja alilambishwa pale pale, akakaa kidogo kivulini, akarudi akichuchumaa na kuinuka, anachuchumaa anainuka, watu wanapiga makofi. Nimechukua chupa tatu. Ni unga wa kahawia, kijiko kwenye uji wa daku na wa futari.

Kudra kauliza, "Imeandikwa ndani yake mna nini?"

"Mzizi."

"Mzizi wa nini?"

"Mzizi wa mti, Kudra. Ulitaka uwe wa nyumba?"

Kanigeuzia mgongo. Wivu tu, hataki nisifiwe.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeshuhudia kwa macho yangu. Bibi kasukuma kiti pembeni, kasimama juu ya mkeka, karukuu, kashuka. Kasujudu. Paji la uso chini kabisa. Nilikuwa mlangoni nimeshika ndoo, nikashindwa kupita wala kurudi. Akakaa kwenye sijida ile muda mrefu mpaka nikahofia kakwama. Alipotoa salamu nikaona mkeka umelowa mahali pa macho.

"Unalia nini, mke wangu?"

"Vumbi," akasema. "Mume gani hafagii nyumba."

Nimetoka nje nikaosha pikipiki ambayo ilikuwa safi.

Jumatatu, 31 Machi

Iddi! Wanawake wamepiga ngoma kwa mzee Awadhi, njia ya kisimani, na mke wangu kaingia uwanjani. Kachezesha bega, kazunguka, kawapiga chenga wasichana. Watu wananiuliza dawa. Nimewaambia waniite daktari kwanza.

Shangazi Hafsa katumiwa video. Kajibu, "Mashallah. Lakini mbona mama uso umevimba?"

Mwanamke yule hakosi la kusema. Mtu kashiba wali wa sikukuu, yeye anaona uvimbe.

Jumamosi, 5 Aprili

Mashavu ya bibi yanazidi kujaa. Anapendeza, kama bi harusi. Vifundo vya miguu navyo vimejaa. Namwambia hiyo ndiyo afya inashuka chini.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua usiku kucha. Daraja la miti limelegea. Bibi anafunga sita za Shawwal. Nimemwambia mwili wake apunguze kwa nesi, siyo kwa Mungu. Kanirushia ndala, na kwa shabaha ile naona hata bega limepona.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo tumecheka. Bibi katoka chooni, kaegemea ukuta, kasema, "Mume wangu, nenda kawaambie wakandarasi barabara yetu iache kuwa ya vumbi. Mimi nimeanza kutoa lami."

"Lami ya moto au ya baridi?"

"Nyeusi tii. Inang'aa."

"Basi nitachonga bango, Mwanaidi na Wanawe, Ujenzi wa Barabara."

Tumecheka mpaka Kudra kauliza kupitia uzio kuna nini. Nikamwambia. Yeye hakucheka. Kudra hana utani.

Jumapili, 13 Aprili

Bibi hakunitania leo. Kasema ni uchovu wa funga.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika nikiwa Mombo, chumbani kwa shangazi. Sikuandika siku zilizopita kwa sababu mkono haukutaka.

Jumatatu asubuhi nilikuwa natia upepo tairi. Nikasikia kitu kizito kimeanguka jikoni. Nikapiga kelele, "Mke wangu, umevunja chungu?" Kimya. Nikasema tena, "Utanilipa hicho!" Kimya. Nikaingia. Alikuwa chini kando ya mafiga, midomo myeupe kama chaki, jasho la baridi, na kwenye majivu kulikuwa na matapishi yenye damu.

Kudra kaja mbio. Gari hakuna kijijini, na mvua ilikuwa inapiga. Tukampakia mshikaki, mimi mbele, bibi katikati, Kudra nyuma kamkumbatia, na kanga mbili zimemfunga bibi kwangu mgongoni kama mimi ndiye mama na yeye ndiye mtoto. Mimi najisifu sana kwa kuendesha, watu wanajua. Siku ile sikujisifu. Niliomba. Kwenye daraja lile la miti nikashusha miguu yote miwili, nikasukuma kwa vidole, na maji ya rangi ya chai yanapita chini yetu.

Tulipovuka, bibi akasema taratibu sikioni mwangu, "Umeniweka katikati na mke mwenzangu. Utatuua kwa wivu."

Nikacheka kwa nguvu ili asikie. Nikasubiri la pili. Hakusema la pili. Kichwa chake kikalala begani kwangu, kizito, na Kudra akapiga kelele, "Ongeza mwendo, Rehani! Ongeza!"

Barabarani tukakuta Noah ya Ernesti inayopeleka abiria Korogwe. Ernesti akawashusha watu wawili bila kuwauliza, na wale watu, Mungu awabariki, wakashuka kwenye mvua bila kunung'unika.

Hospitalini daktari akauliza, "Bibi anatumia dawa gani?"

Bibi akafumbua jicho moja. "Natumia mapenzi ya mume wangu."

Daktari hakucheka. Akanitazama mimi. Shangazi Hafsa alikuwa keshafika kutoka Mombo, kapanda basi na aproni yake ya biashara bado kiunoni, naye akanitazama. Sijawahi kuona macho mazito vile.

"Anatumia unga," nikasema. "Wa gulioni. Nilimnunulia mimi."

"Na vingine?"

Bibi akageuza uso ukutani. Kumbe vile vidonge vya njano alikuwa akivimeza kila siku, kavificha kwenye kopo la karafuu, na anavimeza tumbo likiwa tupu. Daktari akasema vidonge vile vinakwangua tumbo, na unga wa namna ile mara nyingi huwa umechanganywa na dawa kali za hospitali zilizosagwa, ndiyo maana mtu anacheza ngoma kwanza halafu anavimba uso. Viwili hivyo pamoja vimemtoboa kidonda tumboni. Ile nyeusi ya chooni ilikuwa damu.

"Hakumwambia mtu kwamba anapata choo cheusi?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimeambiwa. Nilikuwa nimechonga na bango.

Nikamwambia daktari, nikamwambia na shangazi, neno kwa neno, mpaka lile la lami ya baridi. Nilitegemea kofi. Shangazi akakaa kwenye benchi, akasema kama anajisemea, "Mama ndivyo alivyo. Hata kifo chake atatutangazia kwa kichekesho, na sisi tutacheka."

Wakamwongezea damu. Chupa moja ni yangu. Sasa ana damu ya daktari mwenzao.

Jumapili, 20 Aprili

Bibi kala uji. Kauliza nani analisha kuku. Kudra.

Kutwa nimekaa stendi ya Mombo nikimsubiri shangazi amalize biashara twende Korogwe. Nilidhani kuuza matunda ni kukaa chini ya mwavuli na kuamrisha watu. Kumbe basi likiingia wanakimbia wote, sinia kichwani, wananyanyua mikono madirishani, dereva anapiga gia, chenji inarushwa kwa mbio. Linatoka hilo, linaingia jingine. Shangazi ni mtu mzima, lakini wasichana hawampiti. Asubuhi anakimbia mabasi, jioni anapanda la Korogwe kumfulia mama yake kanga, na ananibakizia embe.

Nilikuwa namwita amiri jeshi. Nafikiri nitapunguza cheo.

Ijumaa, 25 Aprili

Bibi katolewa wodini, lakini kabla ya kuondoka tukapelekwa kwa mtu wa mazoezi ya viungo, yule yule aliyetajwa na nesi wetu wa zahanati mwezi uliopita. Sitaki kusema zaidi kuhusu hilo.

Nilitegemea mwanaume wa misuli. Ni dada mwembamba wa Kishambaa, Hosiana. Kashika goti la bibi kama mtu anayechagua parachichi.

"Shikamoo bibi. Maumivu yako, tukisema sifuri ni hakuna na kumi ni makali kabisa, ni ngapi?"

"Sifuri," bibi akasema, huku kamshika mkono mpaka kucha zimezama.

"Bibi, unanivunja vidole."

"Hizo namba zenu za shule sizijui mimi."

Hosiana akafikiri. "Unalima nini?"

"Mahindi, mwanangu. Na ufuta."

"Basi nipimie. Maumivu haya ni kibaba, ni pishi, ni debe, au ni gunia?"

Bibi akaangalia goti lake kama mzigo ulioletwa kupimwa. "Asubuhi ni debe," akasema. "Mchana linashuka, pishi mbili. Siku za mvua ni gunia, na mdomo wake haujafungwa, linamwagika."

Shangazi akainua kichwa. Na mimi nikainua. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuambiwa hivyo.

Hosiana akasema ukweli bila kuzunguka. Goti lililosagika halirudi kuwa la msichana. Hakuna unga, hakuna mzizi. Kuna kulitunza. Misuli ya paja ikiwa na nguvu inalibebea goti mzigo. Mwili ukipungua kidogo, goti linapumzika sana. Kitambaa cha moto sawa, ile chumvi yangu ya soksi sawa (nilimtazama shangazi hapo), panadoli kwa kipimo, dawa ya kupaka, na fimbo ya kutembelea. Vikishindwa, ipo sindano ya ndani ya goti, daktari ataamua. Upasuaji wa kubadili goti upo pia, mbali na huku, ila hajafika huko.

Fimbo ndiyo ilileta vita. "Bakora ni ya wazee wa kiume wanaogombea mipaka," bibi akasema. "Mimi sitembei na bakora."

Shangazi alitaka wapitilize naye Mombo moja kwa moja. Bibi akamkumbusha, "Ulisema mavuno." Shangazi akanitazama, akamtazama mama yake, akasema, "Nilisema mavuno. Haya."

Alhamisi, 1 Mei

Nyumbani. Kuku wamenenepa kuliko walivyokuwa kwangu. Kudra kasema kuku hawahitaji daktari.

Jumapili, 4 Mei

Zoezi ni hili. Anakaa kwenye kiti, ananyoosha mguu mmoja mpaka uwe sawa, anauzuia hapo, anaushusha pole pole. Bibi kakataa kuhesabu kwa namba, anahesabu kwa majina ya watu waliomkosea. Mguu unanyooka, "Mama Loyce, hajarudisha kinu changu." Unashuka. "Muhsin, mbuzi wake kala kunde." Unashuka. Kwa bahati nzuri ana kumbukumbu nzuri.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Gunia. Kasema mwenyewe, sikumuuliza.

Jumanne, 13 Mei

Nimeenda gulioni na zile chupa mbili zilizobaki ambazo daktari hakuzichukua. Nilitaka kumpata yule mtaalamu. Hakuja. Nikakuta mama mmoja anayetembea kwa kuburuza mguu anauliza watu lini yule wa spika atarudi. Nikamweleza ya kwetu yote, na lami nikaitaja. Watu wakajaa kusikiliza. Sina spika, lakini koo ninalo. Mmoja akaniuliza, "Si wewe uliyetaka tukuite daktari?" Nikasema ndiyo, na mgonjwa wangu wa kwanza nusura nimzike. Hakuna aliyecheka, nami nikaona afadhali.

Chupa nikazitupa chooni kwetu.

Jumamosi, 24 Mei

Mashavu yamerudi ya zamani. Nimemwambia bi harusi kaondoka, karudi bibi. Ndala.

Jumatatu, 2 Juni

Kudra kamaliza vita ya fimbo. Kachukua jembe la bibi, kalipiga chini, jembe likatoka, ukabaki mpini mtupu. Kampa. "Bibi, huu si bakora. Ukiulizwa, unakwenda shambani, jembe liko mbele limetangulia."

Bibi kaushika, kaupima, katembea nao mpaka kwenye uzio na kurudi. "Mume wangu," akaniambia, "huyu muoe upesi kabla hajapata mwenye akili."

Kudra hakukataa. Naandika tena kwa herufi kubwa ili isisahaulike. HAKUKATAA.

Jumamosi, 14 Juni

Leo kafika mpaka kisimani. Kurudi kapumzika kwa mzee Awadhi. Pishi moja.

Jumapili, 22 Juni

Kafika mpaka ukingo wa korongo linalotutenga na shamba. Hapo ni nusu ya njia. Kuteremka hakujaribu. Mahindi yameanza kukauka majani. Bibi anayatazama kama watoto wanaokua haraka mno.

Mimi nimepanga mpango. Siku ya shangazi, nitamwamsha bibi mapema, nimbebe kwa pikipiki kwa njia ya kuzunguka nyuma ya mashamba, nimshushe karibu, atokee kwa miguu. Shangazi atamkuta keshafika. Nimemweleza bibi, kasema mume wake ana akili ya fisi. Hakusema hapana.

Jumamosi, 5 Julai

Shangazi kaja na Noah ya Ernesti. Nimemwona katupa macho kwenye godoro na sanduku la bibi, kama anayepima kama vitaingia garini. Bibi naye kamwona.

Jumapili, 6 Julai

Asubuhi nilikuwa nimeshatoa pikipiki. Bibi akaja na mpini wake, akaitazama, akaniambia, "Irudishe ndani." Akamwita shangazi. "Hafsa, twende."

Tukaenda watu wanne, Kudra akiwemo, bibi mbele. Kwa mzee Awadhi akapita bila kupumzika, mzee mwenyewe akatoka nje akasema "Mashallah, Mwanaidi!" Kisima akakipita. Mimi nilikuwa nataka kupiga kelele kama niko mpirani. Ukingo wa korongo tukaufikia. Akashuka mshazari, mguu baada ya mguu, mpini ukitangulia, mpaka chini kwenye mchanga. Ng'ambo juu tunaona mabua yetu, manjano, yanapiga kelele kwa upepo. Umebaki mwinuko tu.

Akaweka mguu. Akajiinua. Akashuka. Akaweka mwingine. Jasho likawa linamtoka kidevuni. Shangazi alikuwa nyuma yake. Mimi nikasogea sikioni mwa bibi. "Mke wangu, nishike bega kidogo, hataona."

Bibi akanisogeza kwa mkono. Akageuka, akamtazama binti yake usoni.

"Hafsa, linauma. Ni gunia. Siwezi kupanda hapa."

Basi. Hakuongeza kichekesho. Nikasubiri hata kile kidogo cha kujitetea, kwamba ni mume wake kamchosha, kwamba korongo limekua. Hakusema. Akakaa kwenye jiwe, akalaza mpini mapajani, na akatazama mahindi yake ambayo hakuyafikia.

Nikajua tumeshindwa. Nikaona godoro, sanduku, Noah, na mimi jikoni peke yangu. Kudra akanishika kidole kimoja cha mkono, kimoja tu, akakishikilia.

Shangazi akapiga magoti mchangani mbele ya mama yake. Nilidhani anataka kumwinua.

"Mama," akasema, "toka nina akili zangu hujawahi kuniambia kinachokuuma. Baba alipokufa ulituambia kaenda kukimbia madeni ya mahari. Damu ilipokutoka ulimwambia mtoto huyu ni lami. Mimi nakaa Mombo, kila simu ikilia roho inaruka, kwa sababu nikikuuliza najua utanichekesha." Akajifuta uso na ncha ya mtandio. "Sikutaka kukuchukua kwa ajili ya kutembea. Nilitaka nikuone kwa macho, maana kwa mdomo wako sipati kitu."

Bibi akamwekea mkono kichwani. "Sasa umepata."

"Nimepata."

"Basi nichukue. Nilisema mavuno, nawe ulisema mavuno."

Shangazi akatikisa kichwa. "Ukiniambia hivi kwenye simu, kaa kwako mama. Kaa kwako. Siku ukianza tena kunichekesha, nakuja na gari usiku huo huo."

Mimi nilikuwa na maneno mazuri ya kusema hapo, lakini nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu. Navaa ndala.

Jumatatu, 7 Julai

Kama bibi haendi kwenye mahindi, mahindi yanamwendea bibi. Sisi tunavuna ng'ambo, mimi nabeba kiroba baada ya kiroba kushuka na kupanda korongo, namwaga uani kwake, naye anamenya kaketi kitini huku akinyoosha mguu na kutaja wadeni wake. Ernesti alikuwa aondoke na shangazi leo. Kaondoka na gari tupu.

Jumatano, 9 Julai

Jioni wote tulikuwa uani. Kudra anapepeta, mimi nawaeleza jinsi nilivyobeba viroba vingi kuliko vijana wote wa kata hii, hakuna anayesikiliza. Shangazi alikuwa kakaa chini anamenya mahindi. Akataka kuinuka kufuata ungo. Akashika ukuta, akafika nusu, uso ukajikunja, halafu haraka haraka akatabasamu.

"Aa, uzee huu," akasema. "Mabasi ya Mombo yamenigeuza tairi kipara."

Nikacheka. Bibi hakucheka. Aliweka gunzi chini.

"Hafsa. Tangu lini?"

"Si kitu, mama."

"Nimekuuliza tangu lini."

Shangazi akatazama ungo, akatazama mlango, akanitazama mimi. Sikumsaidia.

"Mwaka juzi," akasema.

Bibi akasogea ukingoni mwa kiti chake, akapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja, na shangazi yangu, mtu mzima anayekimbia kuliko mabasi, akaenda akakaa pale, wamebanana, akanyoosha mguu.